Anayekimbia Desemba

Shule zinapofungwa Desemba, katika mwaka ambao wazee wa mila wametangaza kuwa wa tohara, mitaa ya Nyamisangura mjini Tarime, mkoani Mara, hupitiwa na misafara ya shangwe. Msichana aliyetoka kwa ngariba hutembezwa taratibu, amefunikwa kanga, mwavuli umeshikiliwa juu ya kichwa chake, ndugu wakimtunza noti huku wakiimba. Mtoto wa miaka kumi anayetazama kando ya barabara hahitaji kuhubiriwa. Anaona nani anapewa heshima, na anasikia jinsi asiyekeketwa anavyoitwa msagane, jina ambalo kwa Wakurya linauma kuliko kofi. Malezi mengi hupita kwa njia hiyo, machoni na masikioni, kabla mzazi hajafungua kinywa.

Hata hivyo, kila msimu wapo wanaokimbia. Huondoka usiku, wengine peku, kwenda Kituo cha Masanga wilayani Tarime, au Nyumba Salama iliyofunguliwa Mugumu, Serengeti, mwaka 2014 na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa binti mdogo na kutokwa damu nusura afe. Hao wanaokimbia wamekula ugali wa chungu kimoja na dada zao waliobaki. Kwa nini huyu aondoke na yule abaki?

Wengi watajibu kwamba ni ujasiri. Ni kweli, lakini ujasiri nao una chimbuko lake. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu wakiwa tumboni mwa mama zao hadi walipofikisha miaka 40. Karibu theluthi yao walianza maisha katika hali ngumu: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa wazazi, ulevi nyumbani. Wawili kati ya kila watatu wa kundi hilo walipata matatizo makubwa ya masomo au tabia kabla ya kufikisha miaka 18. Wa tatu alikua vizuri, akawa mtu mzima anayejiamini, anayefanya kazi na kuwajali wenzake. Werner alipochunguza kilichowatofautisha, aliona kwamba hulka ya mtoto ilichangia, lakini pia watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao bila kuyumba. Huyo aliweza kuwa bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Tena, wengi waliopotea ujanani walinyooka baadaye walipofunguliwa mlango mwingine, kama vile masomo, ndoa njema au jumuiya ya dini.

Turudi Tarime. Ili binti akimbie, sharti ajue pa kukimbilia. Kuna mwalimu aliyetaja kituo darasani, kuna shangazi aliyempa nauli ya bodaboda, kuna mtawa aliyefungua geti usiku. Uamuzi ni wake, na anastahili sifa zote, lakini wapo watu waliomlea hadi akaweza kuamua. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyagombanisha malezi na hiari ya mtu, kana kwamba kimoja kikiongezeka kingine hupungua.

Linabaki swali gumu zaidi, la wazazi. Wengi wao wanawapenda mabinti zao. Mwaka 1996 mwanazuoni Gerry Mackie alilinganisha ukeketaji na desturi ya Wachina ya kuwafunga mabinti miguu ili ibaki midogo. Alieleza kwamba desturi zote mbili hushikiliwa na soko la ndoa. Familia ikiacha peke yake, binti yake anakosa mchumba, na huku kwetu ng'ombe wa mahari nao hawaonekani. Hata mzazi asiyeitaka desturi anaifuata kwa kuwahofia majirani, na majirani wanamhofia yeye. Desturi ya Wachina ilidumu takribani miaka elfu moja, kisha katika sehemu nyingi ikatoweka ndani ya kizazi kimoja. Familia ziliunda vyama na kula viapo viwili: hatutawafunga mabinti zetu miguu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Kiapo cha pili ndicho kilichovunja kufuli.

Jambo kama hilo lilitokea Senegal. Wanawake wa Malicounda Bambara walitangaza kuacha ukeketaji mwaka 1997. Imamu Demba Diawara wa Keur Simbara aliona kwamba kijiji kimoja hakitoshi, kwa sababu watu huoana na vijiji vya jirani. Akazunguka kwa ndugu zake, kijiji baada ya kijiji, na mwaka 1998 vijiji 13 vikatoa tamko la pamoja.

Tanzania ina sheria tangu mwaka 1998: anayesababisha binti chini ya miaka 18 akeketwe anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Mkoani Mara, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16, na asilimia 28 mwaka 2022. Takwimu hizo zinawajumuisha waliokeketwa miongo mitatu iliyopita, kwa hiyo hushuka polepole hata pale mambo yanapobadilika. Lakini kifungo hakimpatii binti mchumba. Koo za Wakurya kama Wairegi, Wanyabasi, Wanchari na Watimbaru huoleana, na wana ndugu ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Ukoo mmoja ukiacha peke yake, mabinti zake ndio wanaobeba mzigo.

Vituo vinaokoa maisha, na wanaoviendesha wanastahili kila msaada. Ila tumemwachia mtoto wa darasa la sita uamuzi mzito kuliko wote, ilhali wavulana watakaooa hakuna anayewauliza.

Mzazi wa Nyamisangura mwenye mtoto wa kiume, zungumza naye mwaka huu, mbele ya baba zake wadogo na wazee wa ukoo. Sema kwamba mke asiyekeketwa atapokelewa nyumbani kwako kwa heshima, na ng'ombe watatolewa kamili. Liseme kabla shule hazijafungwa.