Laptopu yako ya kazi nzito imekuwa kobe? Pima kwanza, hela baadaye

Saa nane usiku, Goba. Mtaa umelala, mbwa wa jirani wamenyamaza, kinachosikika ni feni ya laptopu yangu tu, inalia kama daladala inayopanda mlima na gia namba moja. Modeli yangu ya mafuriko ya bonde la Msimbazi, ambayo zamani ilimaliza kazi kwa saa sita, sasa ilikuwa inakwenda saa ya kumi na tisa. Jumatatu msimamizi wangu alikuwa anasubiri ramani.

Wengi wetu tunaosoma shahada za juu tunatumia mashine za namna hii: Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad za kundi la P, zilizotumika ofisini Ulaya au Marekani kisha zikafika Kariakoo. Ni nzito na zinakula umeme, lakini zinafunguka, na nyingi zina nafasi nne za RAM. Ndiyo maana watu wanazipenda. Tatizo ni kwamba zikianza kusuasua, kila mtu ana jibu moja. Fundi aliniambia, "Dada, ongeza RAM tu, itakuwa kama mpya." Alikuwa sahihi kwa theluthi moja.

Washukiwa watatu

Mashine nzima lakini inayokwenda polepole huwa na kizuizi mahali fulani. Kwa kazi nzito, washukiwa wakubwa ni joto, RAM na umeme, na kila mmoja ana alama zake. Fungua programu ya kusoma vipimo (kama HWiNFO kwa Windows), anzisha kazi yako nzito, kisha angalia mambo manne kwa wakati mmoja: joto la prosesa, kasi yake, RAM iliyotumika na shughuli za diski.

- Joto liko juu na kasi imeshuka: upozaji umeshindwa.
- Prosesa imetulia tu, RAM imejaa, diski inakimbia asilimia 100: RAM haitoshi.
- Joto ni dogo, RAM ipo, lakini kasi imeganda chini kabisa: shuku umeme, hasa chaja.

Mimi, kumbe, nilikuwa na zote tatu.

Joto

Prosesa yangu ni Intel Core i7-6820HQ. Kasi yake ya msingi ni 2.7 GHz, inaweza kupanda hadi 3.6, na mwisho wake wa joto ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza yenyewe ili isiungue. Yangu ilisoma nyuzi 98, kasi 1.9.

Hapa Dar tuna hasara ya kuanzia. Joto hutoka kwenye chombo kulingana na tofauti kati yake na hewa ya nje. Kwenye chumba cha nyuzi 22, tofauti hadi kufika 100 ni 78. Kwenye chumba changu msimu wa kaskazi, nyuzi 33, inabaki 67. Yaani feni ileile, vyuma vilevile, uwezo wa kupoza umepungua kwa takriban asilimia 14 kabla hata ya kuhesabu vumbi. Na vumbi la Goba mnalijua: barabara za ndani ni za udongo, kila kona kuna nyumba inajengwa.

Nilizima mashine, nikachomoa chaja, nikafungua mfuniko kwa bisibisi na kuchomoa waya wa betri. Kwenye mapezi ya shaba palikuwa na blanketi kamili la vumbi. Ukipuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kasi kupita kiasi inaweza kuharibika. Kisha nikafuta pesti kavu iliyokuwa juu ya prosesa na kupaka mpya, kidogo tu. Kazi ya pesti ni kujaza vijitundu kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Ukiimwaga kama siagi ya karanga haisaidii.

Matokeo: nyuzi 84, kasi 3.2. Lakini modeli bado ilikuwa kobe.

RAM

Ramani yangu ina seli 20,000 kwa 20,000, yaani seli milioni 400. Kila namba inachukua baiti 8, kwa hiyo tabaka moja ni GB 3.2. Nina matabaka matano: mwinuko, kina cha maji, kasi za maji pande mbili, na ukwaru wa ardhi. Jumla GB 16, na RAM yangu yote ilikuwa GB 16, vipande viwili vya GB 8. Windows yenyewe ikae wapi?

RAM ikijaa, kompyuta inakopa nafasi kwenye diski, na mkopo huo una riba kubwa. RAM ya DDR4 ya 2133 ikifanya kazi kwa jozi hupitisha takriban GB 34 kwa sekunde. SSD ya SATA haivuki sana GB 0.55. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 60. Hapa fundi alikuwa na haki.

Piga hesabu ya kazi yako namna hiyo kabla ya kwenda dukani. Hakikisha pia aina: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Na SSD za M.2 zinaweza kufanana umbo huku moja ikiwa ya SATA na nyingine NVMe, kwa hiyo soma mwongozo wa mashine yako. Nilinunua vipande viwili vya mtumba vya GB 16 kwa hela ya kula ya wiki mbili.

Umeme

Kazi ilianza fasta. Baada ya saa moja na nusu, kasi ikaanguka hadi 0.8 GHz na kuganda hapo, joto likiwa nyuzi 55 tu. Nikaona jambo la ajabu: chaja imechomekwa, lakini betri ilikuwa imeshuka hadi karibu kuisha.

Chaja yangu ya awali iliungua umeme uliporudi kwa kishindo, nikanunua nyingine iliyoingia vizuri kwenye tundu. Kuingia si kutosha. Ilikuwa ya wati 90. Prosesa peke yake imekusudiwa wati 45, kadi ya picha inaweza kutaka 50 na zaidi, bado skrini na diski. Mashine za kundi hili huja na chaja za wati 150 hadi 240. Pengo lilifidiwa na betri, na ilipochoka mashine ikajifunga breki. Nikatafuta chaja ya wati sahihi, safari hii nikaweka na kilinda umeme. Modeli ikamaliza kwa saa tano.

Karibu nipeleke uongo

Jumapili niliirudia kazi ileile, data ileile, kwa tahadhari tu. Seli moja iliyokuwa na kina cha mita 2.5 sasa ilikuwa na mita 40!

Tofauti ndogo sana mwishoni mwa desimali ni kawaida prosesa inapogawana kazi. Hii haikuwa hiyo. Namba hukaa kwenye RAM kama biti, sifuri na moja, na baadhi ya biti hushika kipeo cha mbili. Kwenye 2.5, biti moja ya kipeo ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, namba inazidishwa kwa 16. Mara 16 ya 2.5 ni 40. Biti moja tu, na hakuna onyo lolote kwenye skrini.

Niliacha MemTest86 usiku kucha. Kipande kimoja cha mtumba kilitoa makosa. Nilikitoa, nikabaki na kizima cha GB 16 na vile vyangu viwili vya zamani: jumla GB 32, makosa sifuri. Mashine zenye prosesa za Xeon hukubali RAM ya ECC, inayosahihisha kosa la biti moja. Kwetu wengine, kinga ni kupima RAM siku unayoiweka na kurudia hesabu muhimu mara mbili.

Ramani ilichelewa hadi Jumatano na msimamizi hakufurahi. Lakini ramani za mafuriko hutumika kuamua nani ahame na daraja lijengwe wapi. Mashine ikiwa polepole unapoteza usiku wako. Ikikosea kimyakimya, anayelipa ni mtu mwingine kule bondeni.