Utangulizi: Namna ya Kusoma Ziara ya Muziki

Muziki wa Amerika ya Latini umeandikiwa vitabu vingi, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo imeandikwa na watu waliokaa na santuri mbele yao. Mwandishi husikiliza albamu, huchambua maneno, hueleza mahadhi, kisha humalizia kwa kurasa mbili tatu za matamasha, kama nyongeza. Kitabu hiki kinaanzia kwenye nyongeza hiyo. Ninaamini kwamba ziara ni kazi ya sanaa inayojitegemea, yenye muundo na historia yake, na kwamba wimbo wa kizazi kipya, hata ukishatoka studio, haujakamilika mpaka uimbwe mbele ya watu wa mahali fulani, usiku fulani.

Mfano nilioushika ni Shakira Mebarak, mtunzi na mwimbaji wa Kolombia aliyezaliwa Barranquilla mwaka 1977. Nimemchagua kwa sababu amekuwa njiani kwa muda wa karibu miaka 30, kutoka kumbi za nchi jirani na kwao hadi viwanja vya mpira vya mabara kadhaa. Nimemchagua pia kwa sababu msikilizaji wa Kiswahili, hata asiyejua neno moja la Kihispania, tayari ana masikio ya kumsikia. Nitaeleza kwa nini.

Anayeanza somo hili aanze na ramani. Albamu ya Pies Descalzos ilitoka mwaka 1995, na ziara iliyoifuata ilizunguka hasa katika nchi zinazozungumza Kihispania. Mwaka 2000 ukaja mzunguko mfupi ulioitwa Anfibio. Kisha, Novemba 2001, ikatoka Laundry Service, albamu yenye nyimbo nyingi za Kiingereza, na ramani ikabadilika ghafla: ziara iliyofuata ilianzia San Diego, Marekani, Novemba 2002. San Diego inapakana na Mexico. Mwimbaji aliyetaka kuingia soko la Kiingereza bila kuwaacha waliomlea kwa Kihispania alifungulia katika mji ambao lugha hizo mbili zinapishana barabarani kila siku. Ziara ya Oral Fixation ilianza Zaragoza, Hispania, Juni 2006, na kumalizikia Istanbul Julai 2007, ikiwa imepitia Dubai na penye piramidi za Giza. Ukizitazama ramani hizi kwa kufuatana utaona lugha, pesa na ukoo vikivutana. Baba yake ana asili ya Lebanoni, na alipopanda jukwaani katika tamasha la Cedars nchini humo, Julai 2018, lile halikuwa tamasha kama mengine ya msimu ule.

Baada ya ramani, wimbo mmoja. Ushauri wangu ni Ojos Así, uliotoka mwaka 1998. Ndani yake mna beti za Kiarabu na mdundo ambao mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa: ngoma ile ya mkononi, ambayo waliozoea vikundi vya taarabu vya Unguja huiita dumbak, pamoja na sauti inayopanda na kushuka kwa vipande vidogo vidogo kama ilivyo kwa waimbaji wa Misri. Taarabu yetu ilikunywa kutoka kisima hichohicho. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza ala ya kanuni, na kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, miaka mingi kabla ya bibi huyu kuzaliwa upande wa pili wa Atlantiki. Kwa hiyo mtafiti wa Zanzibar au Mombasa anaukaribia wimbo huu kwa mlango ambao wahakiki wengi wa Ulaya hawanao.

Sasa ufuatilie wimbo huo jukwaani. Agosti 1999 aliuimba New York, katika onyesho la MTV Unplugged, lililorekodiwa bila magitaa ya umeme: kila ala ipo wazi, na sauti yake inabeba peke yake mzigo ambao kwenye albamu uligawanywa. Katika ziara ya mwaka 2002 na 2003 wimbo huohuo ukawa mlango wa kuingilia. Swila mkubwa wa mitambo aliinuka jukwaani, na usiku ukaanza. Ziara yenyewe ilipewa jina la nguchiro, yule mnyama mdogo anayemmudu nyoka, na mwenyewe alieleza kuwa ikiwa yupo kiumbe wa kumshinda swila kwa meno yake, basi lazima iwepo njia ya kuishinda chuki. Usiku uleule, katika wimbo wa Octavo Día, skrini zilionyesha vikaragosi vya George Bush na Saddam Hussein wakicheza sataranji. Machi 2003 vita vya Iraki vikaanza, ziara ikiwa bado njiani. Albamu ya 1998 haikuwa na habari hiyo wala isingeweza kuwa nayo. Mtu anayesoma maneno ya nyimbo tu hataiona kabisa.

Hapo ndipo somo letu linapopata uzito wake. Mtunzi akiwa njiani anaendelea kutunga. Ciega, Sordomuda, wimbo wa mapenzi wenye mdundo wa kuchezeka, ulipofika kwenye onyesho lile la 1999 ulikabidhiwa kundi la mariachi la Los Mora Arriaga, na tarumbeta na fidla zikaufanya usikike kana kwamba siku zote ulikuwa wa Mexico. Katika ziara ya 2010 na 2011, iliyorekodiwa Paris, wimbo wa Metallica uitwao Nothing Else Matters ulivuliwa magitaa yake mazito, ukavikwa rangi ya flamenko na kuunganishwa na wimbo wake mwenyewe, Despedida. Mimi naliona hilo kuwa miongoni mwa mambo bora kabisa aliyowahi kufanya jukwaani, kwa sababu halitegemei fataki wala skrini. Na ziara hiyohiyo ilianza kwa namna iliyonigusa: hakutokea nyuma ya pazia. Aliingia kutokea katikati ya watazamaji, amevaa gauni la waridi, akipita taratibu kati ya mikono yao huku akiimba Pienso en Ti, wimbo mtulivu wa albamu ya 1995, hadi akalifikia jukwaa. Katika ziara iliyoanza mwaka 2025 akarudia wazo la kupita kati ya watu kabla ya kuimba, safari hii akiongoza msafara aliouita mwendo wa mbwamwitu jike. Mtu anayetaka kuandika historia ya Shakira anaweza kuanzia hapo tu: miaka 14 imepita, mwimbaji ni yuleyule, bado anaingia kwa kupita kati ya watu, lakini aliyekuja peke yake sasa anakuja na kundi.

Nisiwafiche kwamba sehemu ya somo hili ni chuma, nyaya na malori. Ukumbi wa ndani wa watu 15,000 na uwanja wa mpira wa watu 60,000 havitofautiani kwa idadi ya viti pekee. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani husikia ngoma kama theluthi ya sekunde baada ya kuuona mkono wa mpigaji ukishuka. Ndiyo maana viwanja vikubwa husimikwa minara ya spika katikati ya umati, na mafundi huichelewesha kwa makusudi ili sauti yake ifike pamoja na ile inayotoka mbele. Aliye nyuma kabisa humtazama mwimbaji kwenye skrini, na kwa hiyo kamera nazo zinakuwa sehemu ya utunzi. Miondoko midogo ya kiuno au ya kidole, ambayo ukumbini ingetosha, uwanjani hupotea isipochukuliwa kwa karibu na mtu anayejua aichukue lini na kwa mpigo gani. Ziara ya 2025 kwa upande wa Marekani ilipangwa kwanza kwa kumbi za ndani, mwishoni mwa 2024, kisha ikahamishiwa viwanjani. Uamuzi kama huo husemwa kuwa wa biashara, nao ni wa biashara kweli, lakini hubadilisha pia orodha ya nyimbo, kasi ya onyesho na hata mahali pa kuvutia pumzi.

Kuhusu pesa nitasema machache, maana sura ya nne ni yake. Zamani ziara ilikwenda kuuza albamu. Mauzo ya santuri yalipoporomoka, ziara ikawa ndiyo riziki na albamu ikawa tangazo lake. Mwaka 2008 Shakira aliingia mkataba wa miaka kumi na Live Nation, kampuni ambayo biashara yake kuu ni matamasha, na tarehe hiyo inafaa kuwekewa alama na kila mwanafunzi.

Mfumo mzima huo, pamoja na malori yake, hukaa juu ya nyuzi mbili nyembamba kooni mwa mtu mmoja. Novemba 2017 ziara ya El Dorado ilikuwa ianzie Cologne, Ujerumani, lakini uzi wa sauti wa Shakira ulivuja damu, na ziara yote ikaahirishwa. Ilianza Hamburg tarehe 3 Juni 2018. Februari 2025, siku chache baada ya kufungulia Rio de Janeiro, alilazwa hospitalini Lima kwa maradhi ya tumbo na tamasha likafutwa. Wiki ileile alikuwa jukwaani nyumbani kwao Barranquilla. Waandishi wa burudani hupenda kuyaita mambo haya misukosuko, lakini kwetu ni ushahidi wa kazi: ziara ni kazi ya mwili, na mwili una hesabu zake.

Tahadhari moja kuhusu vyanzo. Idadi za watu kwenye matamasha ya wazi zisichukuliwe juujuu. Tamasha la bure la Mei 2007 katika uwanja wa Zócalo, Mexico, hutajwa kuwa na watu zaidi ya 200,000. Uliza kila mara ni nani aliyehesabu, kwa njia gani, na alikuwa na faida gani katika kuhesabu. Tiketi zilizouzwa ni ushahidi mzuri zaidi, na usiku kadhaa katika uwanja mmoja ni ushahidi ulio wazi: Machi 2025 aliimba usiku saba katika uwanja wa GNP Seguros huko Mexico. Kuhusu video za simu za mashabiki, nazithamini kuliko wenzangu wengi. Filamu rasmi husafishwa, na mara nyingine huunganishwa kutoka usiku zaidi ya mmoja, ilhali simu ya shabiki hukuachia sauti ya aliyesimama kando yake.

Nimebakisha Afrika. Wengi wetu tulimjua Shakira kupitia Kombe la Dunia la 2010, alipoimba Waka Waka akiwa na kundi la Freshlyground la Afrika Kusini, na wengi wanajua kwamba kiitikio chake kimetokana na Zangaléwa, wimbo wa Golden Sounds wa Kameruni uliotoka mwaka 1986. Kisichojulikana sana ni kwamba pwani ya Karibi ya Kolombia ilikuwa imeshazama katika muziki wa Afrika muda mrefu kabla ya hapo. Tangu miaka ya 1970, santuri za Kongo na za Afrika Magharibi zilipigwa Cartagena na Barranquilla kwenye spika kubwa zilizopakwa rangi, ziitwazo picó, na kutokana nazo ukazaliwa muziki wa champeta. Tarehe 2 Februari 2020, Shakira alipotumbuiza wakati wa mapumziko ya fainali ya kandanda ya Kimarekani huko Miami, alipiga kigelegele mbele ya kamera na Wamarekani wengi wakabaki wakiulizana kile ni nini. Dakika chache baadaye alicheza champeta, na gitaa lililosikika lilikuwa la wimbo Icha wa Syran Mbenza, mpiga gitaa wa Kongo, yule wa kundi la Les Quatre Étoiles pamoja na Nyboma, Bopol na Wuta Mayi.

Huko Cartagena wimbo huo hauitwi Icha. Unaitwa El Sebastián. Wenye picó walikuwa wakibandua lebo za santuri ili wapinzani wasijue zilikotoka, kisha wakazipa nyimbo majina yao, na nyingi zimebaki na majina hayo ya bandia mpaka leo. Huu ni uwanja ambao mtafiti wa Kolombia hawezi kuulima peke yake. Wapo watu Lubumbashi, Kigoma, Bujumbura na Nairobi ambao wangesikiliza sekunde kumi tu za gitaa na kutaja bendi, mwimbaji na pengine mwaka. Sura ya mwisho inaorodhesha nyimbo za picó ambazo wenyewe halisi bado hawajajulikana, na nafasi ya jina mbele ya kila mmoja imeachwa wazi.