Yai Lenye Shombo

Jioni moja ya masika, mama jirani yangu hapa Mwanza alinijia na mayai sita kwenye bakuli. Ana kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba, na mayai yanayozidi mahitaji ya watoto humuuzia kijana wa chipsi pale kituoni. Siku hiyo kijana alikuwa amemrudishia trei nzima. "Bwana mifugo," akaniambia kabla hata hajaketi, "wateja wanadai chipsi mayai inanuka dagaa. Kijana kabadilisha mafuta, kasugua karai, wapi! Na huku mtaani wameshaanza kusema kuna mkono wa mtu."

Tuliyachemsha yote sita, tukayapasua yakingali ya moto, maana harufu hii hupungua yai likipoa. Manne hayakuwa na neno. Mawili, ukiyasogeza puani, ni kama umefunua gunia la dagaa lililolala kwenye unyevu. Nikaonja ute peke yake na kiini peke yake. Ute ulikuwa safi; shombo lote lilikaa kwenye kiini.

Kuku wote kumi na wawili wanakula kihori kimoja. Kwa nini mayai mawili tu?

Katika chakula cha kuku kuna kirutubisho kiitwacho kolini. Kimo kwenye samaki, kwenye soya na kwenye vyakula vingine vingi, na kuku hawezi kukua wala kutaga vizuri bila hicho. Kile ambacho mwili haukukinyonya hushuka hadi mwisho wa utumbo, na huko bakteria hukivunja na kutoa trimethilamini, kemikali ileile inayompa samaki aliyeanza kuharibika shombo lake. Kwa kuku wengi mambo huishia hapo, kwa sababu ini lina kimeng'enya kinachoipokea trimethilamini na kuiongezea oksijeni, ikawa kitu kisicho na harufu kabisa, kisha mwili ukakitoa nje.

Wapo kuku ambao kimeng'enya hicho hakifanyi kazi sawasawa. Mwaka 2005 watafiti, wakiongozwa na wenzao wa Ufini, walionyesha kwamba chanzo ni kasoro ndogo katika jeni moja inayoitwa FMO3. Kuku aliyeirithi kwa baba na kwa mama hawezi kuizima trimethilamini, nayo huenda kujikusanya kwenye viini vinavyokua. Kasoro hii inajulikana zaidi kwa kuku wanaotaga mayai ya kahawia, wakiwemo wenye damu ya Rhode Island Red, yule mwekundu ambaye majogoo wake wametumika sana kwetu kuboresha kuku wa kienyeji. Wapo hata binadamu wenye kasoro katika jeni ya aina hiyohiyo. Jasho na pumzi zao hunuka samaki, na watu huwadhania wachafu ilhali wanaoga kutwa mara tatu. Hilo huniuma kila ninapolikumbuka.

Kwa hiyo nilipofika bandani kwa mama yule, nilitafuta kuku wekundu. Walikuwa watatu. Tukawatenga kila mmoja na tundu lake kwa siku chache, na kila yai likaandikwa kwa penseli jina la mwenyewe. Wawili ndio waliokuwa na shombo.

Asikudanganye mtu kwamba dawa yake ni kisu. Kuku mwenye kasoro hiyo anaweza kutaga muda mrefu bila mtu kugundua, akila pumba, majani na vijidudu vya uani. Kinachomfichua ni kihori. Nilipomwuliza mama kuhusu chakula, akanieleza kwamba mayai yalikuwa yamepungua, naye akaona awaongezee nguvu: pumba debe moja, dagaa wa kusaga karibu nusu debe. Na dagaa wenyewe walikuwa wale wa bei ya chini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo kwetu sisi wa kanda ya ziwa. Dagaa wetu wengi huanikwa juani, mara nyingi juu ya mchanga mtupu, na mvua za masika zikikolea hawakauki. Wanaanza kuvunda, rangi inageuka manjano kuelekea kahawia, na walaji wanawakataa. Dagaa hao hawatupwi. Hushushwa bei, wakasagwa kuwa chakula cha mifugo. Mafuta yao yameshachacha, na mafuta yaliyochacha sana yanaweza kupitisha ladha yake hadi kwenye kiini hata kwa kuku ambaye ini lake halina kasoro yoyote. Ndiyo maana mayai yakinuka yote bandani namshuku mfanyabiashara wa chakula, na yakinuka mawili matatu namshuku kuku.

Siwakatazi wafugaji dagaa. Ni protini nzuri, na hapa kwetu ni rahisi kuipata. Ninachoshauri ni kwamba kwa kuku anayetaga wasivuke kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula, na kabla ya kununua, chukua kiganja kimoja cha dagaa waliosagwa, uwapumulie pumzi ya moto, kisha unuse. Wakikukaba koo, waache. Protini inayobaki ipatikane kwenye mashudu ya alizeti au soya iliyokaangwa. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kuku kumeng'enya protini. Mashudu ya pamba, ambayo Shinyanga na Simiyu yamejaa tele, yatumike kwa tahadhari. Yana gosipoli, ambayo hushikana na chuma ndani ya kiini, na yai likikaa, kiini hugeuka kijani cha zeituni au kahawia. Mnunuzi akiona hivyo haulizi swali, anajua ni viza.

Kuna malalamiko mengine ambayo kuku hana hatia nayo kabisa. Ganda la yai lina matundu madogo, maelfu kwa maelfu, na hupitisha hewa kwa kuwa kifaranga angepaswa kupumua humo. Yai linapotoka tumboni lina joto la kuku, kama nyuzi 41. Likianza kupoa, vilivyomo ndani husinyaa na yai huvuta hewa ya nje kupitia matundu hayo. Kama limetagiwa kwenye kinyesi chenye maji, linavuta na uchafu. Kama umelitumbukiza kwenye maji baridi ulioshe, ni vilevile, tena umeliondolea utando wa juu uliokuwa ukililinda. Kwenye kiota weka nyasi kavu au maranda, okota mayai angalau mara mbili kwa siku, na lile lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu.

Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mayai yalikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Watoto waligoma kuyala. Mwenye nyumba alikuwa akipambana na utitiri, akapaka mafuta hayo kwenye fito wanazolalia kuku na pembeni mwa viota, jambo ambalo wengi hulifanya. Utitiri ulipungua kweli, lakini mayai yalilala saa nzima nzima yakinyonya ule mvuke. Dukani nako ni hivyohivyo: trei ikikaa juu ya gunia la vitunguu au kando ya sabuni za kufulia, yai litarudi na harufu hiyo nyumbani.

Lakini pua ina mipaka yake. Yai la kuku aliyepewa antibayotiki jana halina harufu wala ladha ya ajabu, na bado hupaswi kulila wala kuliuza mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Yai tamu linaweza kuwa na mabaki ya dawa, na hilo linanitia hofu kuliko shombo.

Nirudi kwa mama. Alipunguza dagaa siku hiyohiyo, na siku ya nne akaja amenuna: mayai ya wale wawili bado yananuka. Nilimweleza kwamba kiini hakijengwi kwa siku moja. Ute na ganda hutengenezwa ndani ya saa 25 hivi, ila kiini hujaa kwa takribani siku kumi, tabaka juu ya tabaka. Wanasayansi waliwahi kuwalisha kuku rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, na walipokipasua kiini kilichochemshwa wakakuta duara za rangi, kila moja na siku yake. Yai la siku ya nne bado lilikuwa na dagaa wa wiki iliyopita ndani yake.

Basi ukibadilisha chakula leo, andika tarehe kwenye mlango wa banda. Usimhukumu kuku wala usimrudishie mteja yai lolote kabla ya siku ya kumi na nne.