Tunapohamisha Ramani, Tuhamishe na Daftari Lake

Wapo wanaodhani kwamba kuhamisha hifadhidata ya ramani kutoka seva moja hadi nyingine ni sawa na kuhamisha magunia ya mahindi: mradi magunia yaliyoondoka na yaliyofika yalingane kwa hesabu, kazi imekwisha. Mimi naipinga rai hiyo, na ningependa walimu na wanafunzi wa jiografia na kompyuta waitafakari pamoja nami.

Ndani ya hifadhidata, kona ya shamba au kisima cha kijiji ni nambari mbili tu, moja ya mashariki na nyingine ya kaskazini. Nambari hizo ni bubu mpaka tujue zilipimwa kwa mfumo upi. Hapa Kenya ramani nyingi za upimaji zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti, zikiwemo simu zetu za mkononi, hutumia WGS 84. Nambari za mfumo mmoja zikisomwa kana kwamba ni za mwingine, mahali husogea kwa takriban mita 300. Hapo umekwisha kulivuka shamba la jirani!

Programu ya PostGIS, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2001 na isiyolipiwa, huupa kila mfumo nambari ya utambulisho. Kwa ukanda wenye Nairobi na Mombasa, Arc 1960 ni 21037, nayo WGS 84 ni 32737. Data ikinakiliwa kwa utaratibu ufaao, utambulisho husafiri nayo. Lakini mwenye haraka huitoa kama jedwali tupu la maandishi, utambulisho ukabaki nyuma, na kwenye seva mpya akalazimika kukisia. Akibandika 32737 palipostahili 21037, hakuna kengele itakayolia. Idadi ya safu italingana, ramani itapendeza machoni, na kila mpaka utakuwa si mahali pake.

Ieleweke pia kwamba kubandika utambulisho si kugeuza mfumo. Amri ya ST_SetSRID hubadilisha jina tu; ST_Transform ndiyo ipigayo hesabu na kuzigeuza nambari zenyewe. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hiyo asikabidhiwe ramani ya mtu.

Ufanyeje basi? Weka PostGIS kwenye seva mpya kwanza. Nakili data pamoja na utambulisho wake. Kumbuka kwamba majina ya watumiaji wa seva hunakiliwa kando. Kisha chagua mawe machache ya mipaka ambayo mahali pake panajulikana kwa yakini, uyatazame kwenye ramani iliyohamishwa. Seva kuukuu isizimwe kabla ya hapo.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Tangu mfumo wa Ardhisasa uzinduliwe mwaka wa 2021, ni dhahiri kwamba habari za ardhi yetu zinaelekea kwenye kompyuta, na kompyuta huchakaa zikabadilishwa. Katika nchi ambamo ndugu hushtakiana kwa ajili ya hatua chache za udongo, mita 300 si mchezo.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ramani ni mfumo wake wa vipimo. Walimu, lifundisheni hilo kabla ya kufundisha amri yoyote ya kunakili.