Jinsi Picha Inavyofundishwa Kutembea

Mtu achezaye mchezo wa kompyuta huona katika kioo mtu mdogo akikimbia, akiruka mashimo na kupigana kwa upanga. Hudhani ya kuwa picha ile inakwenda. Kumbe sivyo. Zinapita picha nyingi zisizojongea, moja baada ya moja, upesi sana hata jicho haliwezi kuzitenga. Kazi ya kuzitengeneza huitwa uhuishaji, maana yake kukipa uhai kitu kisicho na uhai.

Zamani picha zilikuwa chache, kwa kuwa kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo ya kuziweka. Katika Super Mario Bros., mchezo uliotolewa Japani mwaka 1985, mbio za Mario zilikuwa picha tatu tu. Lakini Mario alikuwa mtiifu: kitufe kikibonyezwa, huruka papo hapo.

Mwaka ule ule kijana Mmarekani, Jordan Mechner, alitaka mtu wake aende kama watu waendavyo. Basi alimvika mdogo wake David nguo nyeupe, akamwambia akimbie, aruke na kupanda, naye akimpiga filamu. Kisha aliisimamisha filamu katika televisheni, akaipiga picha hatua kwa hatua, akafuatisha umbo la mwili kwa kalamu nyeusi na rangi nyeupe, ndipo akaziingiza picha hizo katika kompyuta. Mchezo wake, Prince of Persia, ulitoka mwaka 1989, na watu walistaajabia mwendo ule.

Lakini mwendo wa kweli una uzito. Mtoto atakaye kujua jambo hili, na akimbie kwa nguvu uwanjani, kisha mwenziwe apige makofi ghafula ili ageuke. Hatageuka mara moja: kwanza atapunguza mbio, atalaza mwili upande, atakaza mguu mmoja chini, ndipo ageuke. Mchezaji naye hapendi kungoja hayo yote. Kidole chataka utii, jicho lataka ukweli. Kidole kikipewa haki yake kupita kiasi, miguu ya picha huteleza kama ya mtu aliyekanyaga tope. Ugomvi huu haujaisha hata leo.

Siku hizi mwigizaji huvaa nguo ya kubana yenye vijipira ving'aavyo, akazungukwa na kamera nyingi, nayo kompyuta huandika mahali pa kila kijipira. Hapo kwanza mafundi walilazimika kuunga kwa mkono kila mwendo na mwendo mwingine, kazi ya kuchosha sana. Katika For Honor, mchezo wa kampuni ya Ubisoft uliotoka mwaka 2017, kompyuta ilipewa rekodi nyingi za waigizaji. Nayo, mara nyingi katika kila sekunde, hutafuta humo kipande kinacholingana na mkao wa mwili na njia atakayo mchezaji. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha ya kuwa kompyuta yaweza kujifunza kutoka kwa rekodi, kisha ikatunga yenyewe hatua za kupita penye mawe na mabonde.

Hapo likazuka swali zito. Ikiwa kompyuta imekwisha kujifunza mwendo wa mtu, je, mwenyewe ataitwa tena kazini? Watoao mwendo tu walikuwa na hofu kuliko wengine, maana uso wao hauonekani wala sauti yao haisikiki. Watu wangeweza kusema kwamba walichotoa ni hesabu tu. Julai 2024 waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA cha Marekani waligoma, wakakataa kuzifanyia kazi kampuni kubwa za michezo. Walipata mkataba mpya Julai 2025. Kwa mkataba huo, kampuni itakayo kutengeneza nakala ya mwigizaji kwa kompyuta sharti imwarifu na kupata idhini yake. Naye, ukitokea mgomo mwingine, aweza kuisimamisha idhini hiyo, ili nakala yake isifanye kazi mpya naye amegoma.