Nyumba za Kabla ya Vita Kigoma na Ujiji: Thamani Iliyo Zaidi ya Kiwanja

Katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji zingalipo nyumba zilizojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na inapotokea mojawapo kuuzwa, ni rahisi mnunuzi kukisia bei kwa ukubwa wa kiwanja peke yake, kana kwamba jengo lenyewe ni kifusi kinachongoja kuzolewa. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu thamani ya nyumba kongwe haijulikani mpaka ieleweke jinsi mtaa wake ulivyoanza, kuta zake zilivyojengwa, Ziwa Tanganyika linavyopanda na kushuka, na haki ya muuzaji inavyothibitishwa.

Ujiji ndio mji mkongwe zaidi kati ya hiyo miwili. Ulikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopita Tabora kuelekea Bagamoyo. Wapelelezi wa Ulaya Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone hapo mwaka 1871. Waha wenyeji wa eneo hilo, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa, Waarabu na watu wa pwani walijenga karibu karibu, wakaacha mitaa yenye miembe mikubwa na misikiti. Kigoma, kwa upande wake, ilikuzwa na reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika ziwani mwaka 1914. Wajerumani waliichagua kwa kuwa ghuba yake ina kina na imekingwa na upepo, na ndiyo maana stesheni kubwa ya reli inakutana na bandari mahali hapo, ambapo pia iliunganishwa meli ijulikanayo leo kama Liemba, iliyoshushwa majini mwaka 1915.

Asili ya Ujiji inaonekana katika majengo yake. Nyumba ya Kiswahili ya Ujiji ina baraza mbele, yaani jukwaa la kuketi lililoshikamana na ukuta wa nje, ukumbi mrefu katikati wenye vyumba pande zote mbili, na ua nyuma kwa ajili ya kupikia na kufulia. Kuta nyingi za zamani ni za udongo, na udongo hunyonya unyevu kisha huutoa hewani. Kwa hiyo anayezipiga lipu ya saruji ili zionekane mpya huufungia unyevu ndani, hata lipu ikaanza kubanduka na ukuta kumomonyoka kwa chini. Tiba inayofaa ni kukarabati kwa udongo au chokaa, kurefusha paa ili mvua isipige kuta, na kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji kwenye msingi.

Mnunuzi anapaswa pia kulitazama ziwa. Mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, ndio njia pekee ya maji kutoka Ziwa Tanganyika. Ulipozibuka mwaka 1878 baada ya kuzibwa na tope na mimea, ziwa lilishuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, na ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali na mji. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuvamia maeneo ya chini kama mwalo wa Kibirizi, jambo linaloonyesha kwamba nyumba iliyo juu kidogo ina kinga isiyoandikwa katika tangazo lolote la dalali.

Hatimaye kuna karatasi. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kinachouzwa ni haki ya kuitumia, ambayo kwa hati miliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Nyumba kongwe nyingi zimepita vizazi kadhaa bila mirathi kufunguliwa, kwa hiyo ni lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wajulikane. Nyumba ikiwa ni ya ndoa, ridhaa ya mwenzi nayo inahitajika. Kukagua kumbukumbu katika ofisi ya ardhi na kuuliza serikali ya mtaa kabla ya kulipa huzuia kesi za miaka mingi.

Baada ya ukaguzi huo, familia inayouza ina sababu ya kudai bei ya jengo pamoja na ya kiwanja, na mnunuzi ana sababu ya kulikarabati badala ya kulibomoa. Manispaa nayo ingeusaidia mji sana kwa kuziorodhesha nyumba hizi na kuwaelekeza wenyeji namna ya kuzitengeneza, kwa sababu mtaa wa Ujiji unaopoteza baraza zake hupoteza mahali ambapo majirani hukutana na kusaidiana, na hasara hiyo hailipwi na nyumba mpya yenye geti na ukuta mrefu.