Heshima Si Lazima Iwe Mapenzi

Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ni nguzo ya taarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Hata hivyo, mimi nimheshimuye sivutiwi na nyimbo zake: uimbaji wa puani na mikwaruzo ya santuri zile kongwe hunichosha upesi. Je, hilo ni kosa? La hasha! Kosa ni kumzoeza mwanafunzi kusifu asichokipenda ili apate alama. Walimu wenzangu, tulikubali jibu la “sipendezwi” mradi limeambatana na sababu. Ukuu wa msanii huthibitishwa kwa hoja, moyo haulazimishwi. Asifuye kwa kumwogopa mwalimu hajahakiki lolote, amekariri tu.